Hapana ya Profesa

Wiki iliyopita tulimzika Profesa huko Kaengesa, kwenye shamba la baba yake, mahali ambapo upepo wa uwanda wa Ufipa hauachi kuvuma, na tangu nirudi mjini sijatulia. Nimejaribu kuandika safu hii nikiwa nimekaa, nikashindwa. Naandika sentensi mbili, nasimama, naenda mpaka dirishani, narudi. Wasomaji wangu wa siku zote mnajua si desturi yangu kuomboleza hadharani. Redio ilimtangaza kuwa mtaalamu wa dawa, majirani pale msibani walimwita daktari, na padri katika mahubiri yake akamwita msomi mnyenyekevu. Mimi sikumfahamu kama mnyenyekevu. Nilimfahamu kama mkaidi, mtu ambaye hakuweza kumaliza kikombe cha chai bila kuinuka, na ambaye maisha yake yote alihangaishwa na swali moja ambalo wengi wetu hatukujua hata kama ni swali.

Alifundisha famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa inavyofanya kazi ikishaingia mwilini, lakini utafiti wake ulihusu seli za ubongo na namna zinavyopashana habari. Alipenda kunieleza kwamba seli hizo, kwa sehemu kubwa, hazigusani. Kati ya moja na jirani yake kuna mwanya ambao jicho haliwezi kuuona, na habari ikifika ukingoni lazima ivushwe na kemikali, kama mtu anavyovushwa mto kwa mtumbwi. Dawa nyingi za kifafa na za usingizi, na sumu nyingi pia, hufanya kazi yake pale kivukoni: nyingine humzuia mvushaji, nyingine humwongezea mitumbwi. Yeye alitaka kujua kinachotokea pale pale mwanyani. Shangazi yake wa Kasense, aliyekuwa akiumwa magoti, alimwomba dawa miaka nenda miaka rudi.

"Shangazi, mimi sitibu watu," alimjibu kila mara.

"Si unasoma dawa?"

"Nasoma."

"Sasa dawa gani hizo zinazosomwa tu, hazimezwi?"

Profesa alicheka, kisha akatoka nje na kuanza kuizunguka nyumba. Utani wa shangazi ulikuwa umemchoma mahali pake.

Nilimfahamu katika miaka ya vijiji vya ujamaa, nikiwa mwandishi kijana katika ofisi ya habari ya mkoa. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na kuanza kufundisha Dar es Salaam, akiwa na hamu kubwa na vyombo vichache. Fedha za kigeni hazikuwapo. Kifaa kikiharibika kilifunikwa kitambaa na kuachwa hivyo. Vyombo vilivyobaki vilikuwa dhaifu mno kunasa habari za seli ndogo ya ubongo wa panya. Alihitaji seli kubwa. Ndipo akakumbuka walichomsimulia wanafunzi wenzake wa pande za ziwani alipokuwa akisoma Kaengesa, kwamba Ziwa Tanganyika lina kambare anayempiga mtu shoti. Kambare huyo hubeba umeme wake pande mbili za mwili, na kila upande hupokea amri kutoka kwa seli moja tu ya neva, kubwa ajabu. Ukiielewa hiyo, alisema, umepata pa kuanzia kuzielewa za binadamu. Idara yake ikampa kiangazi kimoja. Akirudi na samaki hai, utafiti ungeendelea. Akirudi mikono mitupu, chumba chake cha utafiti kingegeuzwa stoo naye angebaki kufundisha darasani tu.

Mkuu wangu wa kazi alinituma nifuatane naye. Tuliteremka Kipili kwa lori la familia moja ya Waislamu wenye maduka mjini Sumbawanga, lililokuwa likipeleka chumvi na sabuni na kupandisha dagaa. Dereva, kijana wa mwenye lori, alilitazama pipa tupu lililofungwa nyuma ya shehena yake.

"Mzee, samaki mbona tunao sokoni? Wakavu, hawana matata."

"Nawataka wazima."

"Wazima watafia Namanyere, wallahi. Ule mlima hata mimi mwenyewe huwa nakata roho."

Kijiji tulichokusudia kilikuwa ufukweni, mwendo mfupi kutoka Kipili. Tulikuta ngoma. Wanaume wamejipanga mistari, akina mama wanapiga vigelegele, watoto wanapunga majani ya migomba. Sikuelewa sababu mpaka mwenyekiti wa kijiji alipopanda juu ya benchi na kutangaza, "Ndugu Profesa, mtoto wa Ufipa hii hii, ametuletea umeme!" Katibu kata, aliyesimama kando yetu, alitueleza haraka jinsi ilivyokuwa. Mkoa ulitoa taarifa kwa simu ya upepo kwamba anakuja mtaalamu wa samaki wa umeme. Wilaya ikaiambia kata kwamba anakuja mtaalamu wa umeme wa samaki. Kata ikakiambia kijiji kwamba anakuja mtaalamu wa umeme. Profesa aliinama sikioni mwangu. "Umeona? Habari imevuka mianya mitatu," alininong'oneza, akitabasamu.

Tabasamu hilo halikudumu. Mkunga wa kijiji, mama wa makamo mwenye sauti kavu, alisimama akasema, "Shikamoo Profesa. Sisi akina mama tuna ombi moja tu. Taa ya kwanza iwe ya zahanati. Tunazalishana kwa koroboi, na mafuta ya taa yenyewe hayapatikani." Watu wakaitikia kwa kishindo. Inafaa nieleze kwamba walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vyao, mbali na mashamba yao ya mihogo, wakaahidiwa kwamba wakikaa pamoja watapata maji, shule, tiba na mwanga. Shule ilikuwa ya miti na udongo, na zahanati ilikuwa kuta nne. Waliobaki na subira walikuwa wakiitunza kwa ajili ya ahadi ya mwisho.

Katibu kata alimshika Profesa mkono akamvuta nyuma ya zahanati. Mimi nilifuata, kama wafanyavyo waandishi.

"Ndugu, usiwavunje moyo wananchi. Sema inawezekana."

"Lakini haiwezekani."

"Sikukwambia uahidi. Inawezekana si ahadi, ni neno tu. Ukilisema, kesho asubuhi mitego yote ya kijiji, migono yote, itakuwa inakuvulia wewe."

"Na kesho kutwa?"

"Kesho kutwa utakuwa njiani kwenda Dar es Salaam!"

Profesa alitembea ufukweni kwenda na kurudi, mikono nyuma, viatu vikiingia mchanga. Nilijua kilichokuwa kikimzungusha. Neno moja lingempa samaki, chumba na miaka mingine ya kazi, na hakuna ambaye angeweza kumshtaki kwa neno hilo. Alirudi mbele ya watu, hakupanda benchi. "Ndugu zangu," akasema, "hapana. Samaki hawa hawawezi kuwasha taa ya zahanati, hata mkiwakamata wote. Sikuja na umeme. Wala simjui anayekuja nao."

Ngoma ilikuwa imekwisha kunyamaza. Mwenyekiti alishuka kwenye benchi polepole. "Basi hao kambare unawatakia nini?"

"Nataka kujua seli zinavyozungumza."

"Selo? Ya polisi?"

"Seli, Mwenyekiti. Ni kama vyumba vidogo vidogo, vimo ndani ya kichwa chako."

"Ndiyo maana akili zake hazitoki!" akapaza sauti mvuvi mmoja, na watu wakacheka kicheko cha uchungu. Mkunga hakucheka.

"Ukishajua hayo, atapona nani?"

"Bado sijui, mama."

"Utajua lini?"

"Naweza kufa sijajua."

"Afadhali sisi," akasema yule mvuvi. "Mvuvi akikosa, anajua leo leo."

Asubuhi iliyofuata migono iliopolewa kama kawaida, na kambare wa shoti walionaswa walirudishwa ziwani mbele ya macho yetu, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyetutukana. Tulikaribishwa ugali wa mihogo na kitoweo kizuri, ila msaada hatukupewa. Profesa na dereva wakaazima ndoano. Dereva alimnasa wa kwanza, akamshika, akaruka nyuma akaangukia matako majini. "Huyu si samaki, huyu ni afande!" alipiga kelele, na kwa mara ya kwanza siku ile baadhi ya wanakijiji walicheka nasi. Tulipata wawili, tukawatia katika pipa lenye maji ya ziwa. Mmoja alikufa tukiupanda mlima wa kwenda Namanyere. Dereva alikuwa ameapa kwamba itakuwa hivyo. Alipunguza mwendo tu. Wa pili tulifika naye uani kwa tajiri mwenye lori mjini Sumbawanga. Profesa alipanda juu ya lori, akatumbukiza mkono katika pipa na kumshika kwa kiganja chote. Hakupigwa shoti; samaki alikuwa amekwisha kufa.

Chumba kikawa stoo. Profesa alifundisha vizazi vya madaktari na wafamasia, akafanya utafiti mdogo mdogo kwa vyura na kwa vyombo vya kuazima, hasa juu ya dawa zinazotuliza seli za ubongo wa mwenye kifafa. Kila nilipopita Dar es Salaam nilimkuta akisimama dirishani au akitembea katikati ya meza. Siku moja alinionyesha jarida la kisayansi kutoka ng'ambo. Sehemu ya jibu alilokuwa akilitafuta kwa yule kambare ilikuwa imepatikana, na watu wengine, katika maabara yenye kila kitu. "Wamefanya vizuri," alisema, akalifunga. Nikamuuliza kama angesema inawezekana, angepata samaki wangapi. "Wa kutosha," alijibu. Kisha akaniomba tuzungumze mambo mengine, na tulipoagana aliniacha mlangoni akaenda kuzunguka bustani peke yake.

Hapo ndipo mimi ninaposhindwa kutulia. Nimeigeuza hadithi hii mara nyingi nikitafuta aliyefaidika siku ile, simpati. Mkunga aliendelea na koroboi. Sayansi haikupata kitu kutoka Rukwa. Hata mimi niliandika habari ile kama ilivyotokea, na mhariri akairudisha akisema kwamba mgeni kukataa kuahidi si habari. Siandiki haya kuwabeza waliojenga ujamaa. Niliuimba, niliulimia, na shule iliyonifundisha kusoma ilikuwa tunda la watu walioamini kwamba tunaweza. Lakini nilihudhuria mikutano mingi ya hadhara katika miaka ile, na karibu kila mgeni aliyesimama alikuja na inawezekana yake. Yalikuwa maneno mepesi, hayakumgharimu msemaji chochote. Waliolipa ni waliobaki kijijini, na walilipa kwa kuacha kuamini, hata pale walipoambiwa jambo la kweli.

Jambo la kweli lilikuja. Misimu kadhaa baada ya safari yetu, kipindupindu kilipita mwambao wa ziwa. Wakaja maofisa wa afya wakawaambia watu wachemshe maji na wachimbe vyoo mbali na ufuko. Kijiji kikawasikiliza kwa adabu kisha kikaendelea kuchota maji palepale. Walikuwa wamekwisha kuambiwa mengi. Lakini mwenyekiti, ambaye alikuwa amezika watu wa nyumbani kwake, alimtuma yule dereva wetu wa lori apande mpaka Sumbawanga na ujumbe kwa Profesa, na dereva akaja kwangu nimsaidie kupiga simu Dar es Salaam. Tulihangaika na simu ile mpaka ikakubali.

"Wanasema hivi, Mzee," dereva alipiga kelele kwenye simu. "Wote waliokuja wanasema maji ndiyo yanaua. Wewe uliyewaambia hapana, unasemaje?"

Nilisikia sauti ya Profesa ikipanda. "Kwa nini waniulize mimi? Mimi si daktari wa kuhara! Waulize maofisa wa afya!"

"Hawawataki. Wanakutaka wewe."

Sauti yake ikashuka. Kisha akasema, "Waambie ni kweli. Wachemshe. Maji yote, ya mkubwa na ya mtoto."

Dereva aliondoka siku hiyo hiyo. Walichemsha. Mkunga mwenyewe alipita nyumba hadi nyumba akikagua masufuria. Kuna waliokufa kabla lori halijafika, na hao Profesa hakuwasahau. Aliniuliza juu yao kwa miaka mingi, kana kwamba yeye ndiye aliyechelewa. Aliona jambo lile kama aibu ya nchi, kwamba kijiji kizima kimsubiri mtu wa samaki ndipo kiamini habari ya maji. Alikuwa na haki ya kuona hivyo. Mimi naona na upande wa pili. Watu wale hawakumpima kwa elimu yake, ambayo hawakuielewa, wala kwa wema, maana hakuwafanyia wema wowote. Walikuwa wamemwona akikataa neno lililokuwa na faida yake, mchana kweupe, na wakaliweka jambo hilo moyoni. Kwa hiyo nawausia vijana wanaosoma safu hii, na najiusia mwenyewe: mtu akikuambia hapana siku ambayo neno ndiyo lingemfaa yeye, usimkasirikie sana. Mweke akiba.