Mtetemo Niliouzima

Siku hiyo naikumbuka vizuri, Nanjala mwanangu, maana ulikuwa mgongoni kwangu ukinyonya kidole, na mimi kwenye meza ya fundi simu hapa Burumba, najiona mjuaji. Sijazeeka. Lakini sitangoja mvi ndio nikuambie.

Simu moja kuukuu ilitumwa kwa boda kutoka Malaba. Mwenyewe sikumwona. Dereva alisema tu inajikokota. Nikaamua kuijengea kerneli mpya, ile sehemu ya ndani inayowezesha programu kuelewana na skrini, kamera na chaji. Kabla ya kuijenga unapitia orodha ndefu: hiki washa, hiki zima. Nikazima kila nilichoona hakina kazi, hata mtetemo. Nikaipigia, ikalia kwa sauti kubwa. Nikaridhika, nikairudisha.

Siku ya tatu akaja mwenyewe, Mama Akiru, muuza mitumba. Ni kiziwi. Mtetemo ndio humwambia kuna ujumbe. Mtoto wake alikuwa ameshikwa na malaria shuleni Sigalame, mwalimu akamwandikia asubuhi nzima, na simu imelala kimya kiunoni mwake. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alimlilia mama yake mpaka jioni.

Mama Akiru alichukua kalamu yangu akaandika nyuma ya risiti: "Nani alikuambia mtetemo siuhitaji?"

Boss wangu akadakia, "Mama Nanjala, kerneli si kazi ya kufanya na mtoto mgongoni. Rudi kwa kubadilisha vioo."

"Boss, nimeiharibu mimi, nitaitengeneza mimi. Na huyu mtoto haendi popote."

Nikawasha mtetemo kwenye orodha, nikaijenga upya, Mama Akiru ameketi hapo ananitazama vidole. Simu ilipotetemeka, alivuta kiganja changu akakiweka juu ya hiyo simu. Nilikasirika, mwanangu! Nilijikasirikia mimi, kisha nikamkasirikia boss aliyedhani kosa langu ni kuwa mama. Kosa langu lilikuwa kutomuuliza mwenye simu.

Kwa hivyo usizime kitu cha mtu kwa sababu wewe hukitumii. Muulize kwanza. Ukikosea, kubali mbele ya watu, rekebisha, na kiti chako usimwachie mtu. Mungu akupe vidole vyepesi na mdomo usioogopa kuuliza. Na siku watakapokuambia utoke mezani, akufanye mzito kama jiwe la kusagia.