Perege Walioacha Kuogopa Kivuli

Siku yangu ya kwanza kwenye mabwawa ya majitaka, upande wa Vingunguti, Msimamizi wa zamu hakunipa chombo chochote. Alinipeleka kwenye bwawa la mwisho, ambamo maji hukaa juani hadi vijidudu vife, ndipo yafunguliwe.

"Simama hapo, kivuli chako kianguke majini," alisema. Perege, samaki wa bwawa hilo, wakatawanyika. "Wakikukimbia, chota sampuli. Wasipokukimbia, niite kwanza."

Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa miaka, hata tulipopata vipimo vya oksijeni. Kisha asubuhi moja hawakukimbia. Ndege yangeyange aliwadonoa kama anayeokota mchele, nao wametulia tu. Vipimo vilisema maji ni safi. Nikamwita Msimamizi. Alitazama, akafunga lango la kutolea maji.

Chini ya lango palikuwa na mfereji alikopata samaki Mama Zuhura, mkaangaji mwenyeji wa Lindi. Alimjia Msimamizi na beseni tupu.

"Shikamoo, mzee. Mwaka huu samaki wana adabu, wanashikwa kwa mkono, nanyi ndiyo mnatufungia?"

"Marahaba. Mama, samaki asiyekuogopa unamwamini?"

"Mie nina watoto wa kulisha. Adabu yao inanitosha."

Msimamizi hakulegea. Ili kujua kilichoingia majini, tulifunua chemba za bomba moja baada ya nyingine, tukipanda kuelekea Segerea na kuuliza wenye biashara njiani. Mwenye duka moja la dawa alitueleza bila kificho kwamba dawa zilizoisha muda huzimwaga chooni. Jalalani watoto wangeziokota. Aliona huo ndio uangalifu. Nyingi zilikuwa za kutuliza wasiwasi. Mabwawa yetu huua vijidudu, lakini dawa za namna hiyo hupita. Na kinachomtoa mtu hofu humtoa samaki pia, ila samaki huishi kwa hofu yake.

Tulipomweleza hayo, mwenye duka akaanza kuzikabidhi kwa mkaguzi wa dawa ziteketezwe. Maabara yetu haikuweza kupima dawa hizo, hivyo tuliwasubiri perege. Walipoanza tena kukimbia, lango likafunguliwa.

Nimestaafu sasa. Vijana wana vyombo bora kuliko vyetu, na wavitumie. Lakini wasimame kwanza ukingoni, kama alivyosimama Mama Zuhura siku ile ya kufunguliwa lango. Aliinama juu ya mfereji, beseni kwapani, kivuli chake kikatanda majini. Samaki wakatoweka.

"Haya," alisema, akikunja kanga yake magotini. "Hao sasa nitawatolea jasho."