Nimepanga foleni nyuma ya kinyozi

Leo nimefungiwa nje ya muziki nilionunua mwenyewe.

Duka la muziki la mtandaoni linaruhusu kompyuta tano tu kwa akaunti moja. Mimi wa darasa la saba niligawa ruhusa kama karanga. Kila nyumba iliyonipa chai niliiachia ruhusa moja: paroko, fundi wa Kirumba, shemeji yangu wa Kamanga, hata kinyozi. Ya tano ni yangu.

Mchana mke wangu, Mama Neema, akawasha kompyuta yake mpya. Ikamkatalia. Nafasi zimejaa.

"Baba Neema! Kinyozi anasikiliza, mimi mkeo sina nafasi?"

Nikaona kitufe cha kuondoa kompyuta zote. Onyo likasema kinatumika mara moja tu kwa mwaka. Nikabonyeza kwa mbwembwe, mbele yake.

Haikupita dakika, shemeji akapiga simu kutoka harusini, alikokuwa anapiga muziki wangu.

"Shemeji, umetuzimia muziki! Bibi harusi yuko mlangoni, watu wanatazamana!"

Nikaanza kujieleza. Mama Neema akaninyang'anya simu.

"Kaka, tulia."

Akabadilisha neno la siri la akaunti hapo hapo, akamsomea kaka yake herufi moja moja. Mimi akanifukuza sebuleni nisisikie. Nikiwa uani nikasikia vigelegele kwenye simu.

Nikarudi na tabasamu. "Na yangu, mama?"

"Kwanza yangu, kisha ya kaka. Paroko na fundi wameshapiga simu. Imebaki moja, na kinyozi amekuwahi."

Jamani, nani ana namba ya kinyozi nikambembeleze?