Mwalimu Onyesha Njia Apanda Baiskeli

Wanafunzi walimwita Onyesha Njia, na hakuwa na wa kumlaumu. Kwa miaka ishirini na sita ya kufundisha hesabu, hakuna daftari lililopita mikononi mwake bila maneno hayo kwa wino mwekundu. Jibu lisilo na njia, kwake, lilikuwa mali ya wizi. Kwa hiyo msichana mmoja wa darasa la sita alipoleta karatasi ya mtihani yenye majibu arobaini, yote sahihi, bila hata mstari mmoja wa njia, mwalimu aliandika sifuri, akaipigia mistari miwili chini, akaongeza "Amenakili", akapeleka karatasi kwa mwalimu mkuu.

Msichana huyo alikuwa na mambo yake. Hakumtazama mtu usoni. Aliongea na dirisha. Kelele za darasa zikizidi, aliziba masikio na kujikunyata chini ya dawati. Mwandiko wake ungedhani kuku kapita na matope. Walimu walikwisha kumpitishia hukumu kwamba hamnazo. Alikuwa amerudishwa darasa mara moja, na bibi yake, muuza mitumba aliyemlea, alisema wazi kwamba akirudishwa tena basi, ataacha shule aje sokoni kukunja nguo. Kikao cha kuamua kikapangwa baada ya wiki tatu.

Na mambo yangeishia hapo, kama si magoti ya mwalimu. Daktari alimwambia yameanza kugoma kwa kukaa tu, atafute mchezo. Dada yake mkubwa, mkunga mstaafu na mwendesha baiskeli wa siku nyingi, akajitolea kumfundisha. Jumamosi ya kwanza, kwenye uwanja wa shule, mwalimu wa miaka hamsini na miwili alianguka mara tisa.

"Dada, niambie hatua kwa hatua. Nifanye nini nisianguke?"

"Usianguke."

"Hiyo si njia."

"Mdogo wangu, nimezalisha watoto sijui wangapi, na hakuna aliyesubiri nimwonyeshe njia. Wewe kanyaga, tazama mbele."

Jumamosi ya pili alichubuka kiwiko, na heshima pia. Ya tatu, bila hodi wala taarifa, baiskeli ilikubali. Alizunguka uwanja mzima, akazunguka tena, huku anacheka peke yake na dada mtu anampigia makofi. Alirudi nyumbani ana furaha ambayo hajaionja tangu utoto. Na kwa kuwa mazoea yana tabu, alifungua daftari aandike jinsi alivyofanya. Moja, kaa. Mbili, kanyaga. Tatu... Kalamu ikakwama. Mwili mzima ulijua, na yeye hakuwa na la kuandika. Ndipo ile sifuri ikamjia, pamoja na mistari yake miwili, akaona haya hadi masikio yakamwaka.

Walimu wengi wanajua kwamba mtoto mzito anahitaji msaada. Wachache wanajua kwamba mwepesi naye anauhitaji, na wachache zaidi wanakubali kwamba mtoto huyo huyo anaweza kuwa mzito huku na mwepesi kule. Onyesha Njia alijiunga na hao wachache Jumamosi hiyo, akiwa na plasta kwenye kiwiko.

Siku ya kikao walikuwa wanne ofisini: mwalimu mkuu, bibi, Onyesha Njia, na msichana aliyesimama dirishani akiwapa mgongo. Mwalimu mkuu, mtu wa haki lakini mtumwa wa kanuni, hakupoteza muda. "Huyu amenakili. Mwalimu wake mwenyewe ameandika."

"Nimeandika, na nimekosea," alisema Onyesha Njia. Maneno ya miaka ishirini na sita hayarudishwi kirahisi, lakini aliyarudisha. Akamsogezea mkuu karatasi tupu. "Mkuu, kila siku unakuja kazini kwa baiskeli. Naomba uniandikie hapa unafanyaje usianguke."

Mkuu akacheka, akachukua kalamu. Akaandika mstari, akaufuta. Akaandika mwingine, akaufuta nao. Kicheko kikaanza kumtoka usoni.

"Hili haliandikiki," alisema mwishowe.

"Basi nikupe sifuri?"

Bibi akakohoa, kikohozi kisicho na homa.

Mkuu hakuwa wa kukubali upesi. Akamgeukia msichana. "Haya. Thelathini na saba mara arobaini na nane."

"Elfu moja mia saba sabini na sita," msichana aliliambia dirisha.

Mkuu akainamia karatasi, akazidisha, akahakiki. Ilikuwa hivyo hivyo. Safari hii hakuna aliyemdai mtoto njia, na labda ndiyo sababu aliitoa mwenyewe. "Thelathini na saba mara tatu ni mia moja na kumi na moja," alisema. "Halafu hiyo mara kumi na sita. Mia moja na kumi na moja haisumbui."

Onyesha Njia alipiga hesabu hiyo kichwani, akaona imenyooka. Machozi yakamlenga, wala hakujali nani anamwona.

"Mimi sijawahi kuiona hivyo," alisema. "Nifundishe na nyingine."

"Ziko nyingi," msichana alijibu.

Ikaamuliwa kwamba mitihani atajibu kwa mdomo na Onyesha Njia amwandikie. Hesabu akasome na madarasa ya juu. Na kelele zikimzidi, atoke nje bila kuomba ruhusa. Mkuu akaikata ile sifuri, akaandika upya, na kwa kuwa bibi hakujua kusoma, akamsomea: "Hesabu, arobaini kwa arobaini. Wa kwanza shule nzima."

Tangu mtoto aanze shule, bibi alikuwa akiitwa ofisi hiyo, na kila alipoitwa aliambiwa mjukuu wake ana kasoro. Aliweka mikono juu ya mapaja.

"Soma tena, baba," alisema. "Polepole. Humu ndani sijawahi kusomewa hivyo."

Mwalimu mkuu akasimama, akasoma tena.