Chachu ya Kaizar

Watu wa Kibokoni hawakosi la kusema. Kaizar alipoanza kufuga tilapia juu darini, ndani ya matangi mawili ya plastiki, walicheka barazani mpaka wakashika mbavu: bahari iko hapo chini, naye mwanamume mzima apandisha samaki ngazi! Kaizar, muuza misumari na kufuli, hakuwajibu. Aliyewajibu ni mkewe Hussaina, maana yeye hakuwa mtu wa kumeza neno.

Ndani ya nyumba, hata hivyo, Hussaina alikuwa na ugomvi wake. Samaki wa mwanzo waliugua sana, mapezi yakawa mekundu na matumbo yakavimba, mpaka Kaizar akachoka kuwatia dawa. Akajifunza kuwalisha bakteria wema. Unga wa bakteria hao aliununua mara moja tu. Tangu hapo akawakuza mwenyewe ndani ya chupa kubwa, kwa maziwa na asali ya miwa, kama mtu anayegandisha mtindi: akichota, hubakisha kidogo kiwe mbegu, kisha huongeza maziwa mapya. Chachu hiyo aliinyunyiza kwenye chakula cha samaki, akakianika kivulini ndipo awape. Samaki wakanawiri. Ila mikono yake ikawa inanuka uchachu, hata akilala.

"Kaizar, wanuka. Nenda kanawe," Hussaina alimwambia miaka nenda miaka rudi. Wifi yake Akila, aliyekaa chumba cha pili, alikuwa akisikia na kucheka.

Kaizar akafa ghafla, asubuhi moja akifungua duka. Hussaina akakaa eda. Dari ile yaonekana kutoka madirisha ya majirani, basi hakupanda. Aliomba jambo moja tu: samaki wa mumewe waishi mpaka atoke eda awaone, na ile chupa isife. Vitu vingine vyote vya Kaizar vilikuwa vitu tu. Hivi vilikuwa hai, na vilitoka mikononi mwake.

Kazi hiyo aliipokea Odera, karani wa bandarini na rafiki wa marehemu, Mjaluo aliyewaita samaki wale ngege na hakutaka kusikia jina jingine. Kila jioni alipanda, akawalisha na kuitunza chupa, kisha akasimama nje ya pazia la chumba cha Hussaina.

"Shemeji, hujambo? Watoto wetu wamekula."

"Sijambo, Bwana Odera. Mungu akulipe."

Ilipokaribia arobaini, Akila aliifanyia nyumba usafi wa kupokea wageni. Hussaina alisikia ndoo na brashi zikipanda mpaka juu, akashukuru moyoni kuwa ana wifi mwenye huruma.

Baada ya wageni kuondoka, Odera alirudi penye pazia.

"Shemeji, ile chupa yanuka kupita kawaida. Kama kitu kilichooza."

Hussaina akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. "Hiyo ndiyo harufu yake, Bwana Odera! Mimi nimelala nayo miaka. Usiiogope, waongezee."

Odera akaongeza. Samaki wakaanza kuacha chakula, kisha kuelea. Hussaina aliposikia kuwa mapezi yamekuwa mekundu tena, akaamuru waongezewe zaidi, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya Kaizar. Usilolijua ni usiku wa giza. Kila jioni alisikia ndoo ikishuka ngazi, nzito, na Odera hakusema tena habari za watoto.

Siku ndoo ya mwisho iliposhuka, Akila aliingia chumbani akalia.

"Ni mimi, wifi. Niliimwaga ile chupa, nikaiosha kwa sabuni. Kisha nikaogopa, nikaijaza maziwa ya dukani. Nilidhani maziwa ni maziwa. Na wewe si ndiwe uliyekuwa ukimwambia kila siku kwamba anuka? Nilitaka upumzike."

Hussaina, aliyekuwa na jibu la kila mtu, sasa alijigeukia mwenyewe. Maziwa yale yalioza, hayakuchacha, na pua yake ingelijua hilo mara moja. Angalisema tu, niletee niinuse. Neno dogo hivyo, na hakulisema.

Eda ilipokwisha alipanda darini. Odera, mtu wa adabu, alikuwa amesafisha kila kitu. Matangi yamefudikizwa, chupa imewekwa juani, inang'aa. Hussaina akaifungua akatia pua, akavuta pumzi kwa nguvu, akavuta tena. Ilinuka sabuni. Akapitisha vidole ndani, kote alikofika, akitafuta utando wowote uliosalia.

"Wifi!" Akila aliita kutoka chini. "Chakula tayari. Shuka unawe mikono."

Hussaina akaileta mikono yake puani. Haikuwa na harufu yoyote.