Mafuta ya Kobe wa Santa

Nasema mapema: mafuta ya kumpaka kobe niliyaleta mimi, Candiru. Majirani wenzangu wa mtaa wa Awindiri wananyamaza kwa heshima. Mimi sinyamazi.

Mwaka wa 1977 Théodore, mume wa Santa, Mkongo aliyeuza vitenge sokoni Koboko, alirudi na kobe wa maji ndani ya gunia. Akamtia kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba. Wiki hiyo hiyo akaenda tena Koboko. "Funika pipa, Santa. Mutu akimuona atamupika. Mimi narudi."

Hakurudi. Watu wa serikali wenye gari walimchukua sokoni. Aliyeuliza amepelekwa wapi aliambiwa afunge mdomo kama anapenda watoto wake.

Basi Santa akashika neno moja tu: "Kobe akiwa hai, Théodore iko hai." Kila asubuhi alifunua pipa kidogo, akachungulia, akafunika. Ukimwona anacheka, ujue kobe amekula.

Mwaka ukapita, gamba likatoka mabaka meupe. Kwetu mtoto akitoka nje na ngozi imepauka, aibu ni ya mama. "Huyu iko na ngozi kavu, dada yangu," nikamwambia, najifanya mjuzi! Nikamletea chupa ya mafuta ya shea, yale ya kujipaka ngozi, kutoka kwa mama yangu kijijini Pajulu. Kila Jumapili kabla ya kanisa tulimpaka kobe hadi akang'aa, tukamrudisha majini, tukafunika. Mabaka yalizidi. Na sisi tukazidisha mafuta.

Kobe alipoacha kula, Santa alimwita Igga, mtabibu wa ng'ombe. Igga alibonyeza gamba kwa kidole gumba, likabonyea. Kipande kikabanduka mkononi mwake. Chini yake ulikuwa mfupa, umejaa vishimo, unanuka.

"Mnadhani hii ni nyumba amebeba?" akafoka. "Hii ni mbavu zake! Uti wa mgongo umeshikana hapa ndani. Hivi vipande vya juu ni kama kucha zako tu. Hii ni kuvu, imekula mpaka mfupa. Alitaka jua, apande mahali akauke. Nyinyi mmemfungia gizani, tena mkapaka mafuta juu!"

Santa alimbeba kobe juani, akakaa naye, akifukuza kuku. Siku ya tatu shingo ya kobe ililegea, akafa. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Santa hakulia. Aliingia ndani, akatoa suruali ya Théodore iliyoning'inia nyuma ya mlango, akaikunja. Kisha akaniletea wembe. "Ninyoe."

Kwetu mjane hunyolewa mume akishazikwa. "Santa, hatujui," nikasema. "Hakuna aliyeona maiti."

"Candiru, ninyoe."

Nilimnyoa, nikamkata mara mbili. Kichwa kilibaki kikavu, cheupe. Chupa ya mafuta ilikuwa pale pale karibu na pipa. Nikampaka.