Mililita Kumi Ubaoni

Wewe unayeanza kufundisha chuoni, vuta kiti nikueleze jambo lililonibana mwaka wangu wa pili wa kufundisha katika chuo cha afya hapa Kigoma.

Wanafunzi wangu walikuwa wanakwenda mazoezini Jumatatu, wengine kwenye zahanati za mwambao hadi Kagunga. Ijumaa ile mchana, bati likitema joto, niliwafundisha kukokotoa dozi ya mtoto. Kila hatua niliuliza, "Tumeelewana?" Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyooo, mwalimu." Mara ya tatu, mmoja wa nyuma akanong'ona, "Huyu anataka tumwelewe mara ngapi?" Wakacheka, nami nikacheka. Nilidhani darasa liko hai.

Kabla kipindi hakijaisha nikapita kutazama madaftari. Wote walikuwa wamenakili jibu langu la ubaoni: mililita kumi. Dada mmoja wa Kagunga, mkubwa kuliko wenzake, alikuwa ameandika tano pembeni kwa penseli, kisha akaikata. Nikapiga hesabu upya palepale. Ilikuwa tano.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

Akainama, akakutanisha viganja kama wanavyosalimia wazee kwao. "Mwalimu, mkubwa hakosolewi mbele za watu."

Nikabaki katikati ya madawati. Nikifuta ubao, naivunja heshima waliyonilindia kwa kunyamaza. Nisipofuta, kuna mtoto atanyweshwa dawa mara mbili ya kipimo chake. Dirishani ziwa lilionekana, boti zikipakia. Niliwaonea wivu waliokuwa wanaondoka.

Nikafuta. "Nimekosea. Nani aliona?"

Hakuna mkono. Hakuna hata aliyeinua uso. Nikauliza tena kwa upole, wakazidi kuinamia madaftari. Heshima yao ilikuwa imetufungia ndani sote.

Nikachana kurasa za daftari langu, nikawagawia vipande. "Msiandike majina. Andikeni tu: wewe mwenyewe ulipata ngapi?"

Nikavikusanya, nikasoma: zaidi ya nusu walikuwa wameandika tano.

Tukairudia hesabu mpaka saa ya kufunga, na Jumatatu wakaondoka. Mpaka leo najikuta nafungua mdomo kuuliza "Tumeelewana?", na sauti itakayorudi naijua tayari. Kwa hiyo usiulize. Toa swali, mpe kila mmoja kipande cha karatasi kisicho na jina, kusanya, usome, ndipo uandike jibu lako ubaoni.